Marehemu Rwegasira na Kituo cha Taka

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeshtuka. Nimeketi kuandika, na leo sijanywa hata kahawa.

Asubuhi nilipita ofisi ya kijiji kusalimia tu. Kwenye ubao kuna tangazo jipya. Halmashauri inataka kujenga kituo cha kutenganisha na kurejeleza taka za majumbani. Hapa kwetu! Yamependekezwa maeneo mawili. Eneo A: rweya, yaani yale malisho ya wazi wanakochungia ng'ombe, pamoja na robo ya juu ya kibanja (shamba la migomba) cha familia ya Projestus, ipite barabara. Projestus ni mimi! Eneo B: nyuma ya stoo ya kahawa ya Revelian. Mkutano mkuu wa kijiji utaamua Jumamosi ya tarehe 14.

Robo ya juu! Kati ya vipande vyote! Ile ndiyo migomba ya mama. Mama Kokwijuka ana miaka themanini na moja, na kila jioni anapanda pale na fimbo yake. Anapunguza machipukizi, anatandaza nyasi, anaongea na migomba kwa Kinyambo, lugha yetu. Mimi mwanawe hajawahi kuongea nami kwa upole ule. Ikichukuliwa robo ile, mama hamalizi mwaka. Hilo nalijua.

Na taka gani, jamani? Sisi hatuna taka. Maganda ya ndizi anakula mbuzi. Majivu yanakwenda kibanjani. Nailoni, chupa na betri tunarundika nyuma ya jiko, na pale hazimsumbui mtu isipokuwa mke wangu Avelina, anayezisema tangu Krismasi.

Revelian alikuwa amesimama palepale ubaoni. Jirani yangu, mnunuzi wa kahawa, mtu wa kuvaa tai hadi siku ya kupima magunia. Akanipa pole. Pole ya nini, kama hana analolijua?

Niliwahi kuwa katibu wa kitongoji miaka minne mizima. Taratibu nazijua. Naanza kesho.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda Rubwera, makao ya halmashauri, kwa bodaboda kupeleka pingamizi. Barua nzito, yenye neno "kwa masikitiko" mara saba. Nikaambatanisha majina ya wananchi sitini na wawili wanaopinga.

Ofisa mazingira ni kijana anaitwa Benjamin. Mpole, kalamu mbili mfukoni. Akasoma barua yote, jambo lililonishangaza. Kisha akafungua ukurasa wa pili akauliza kwa heshima kwa nini wapinzani wamepangwa kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi.

Mawe, mama yangu! Nilibeba orodha ya kwaya jinsi ilivyo. Nikamwambia kwamba huku kwetu hata hasira tunaipanga. Akaandika kitu. Sijui ameandika nini.

Halafu mshtuko mwingine: pingamizi la Revelian lilikuwa tayari mezani, limechapwa kwa kompyuta, lina ramani ya rangi! Kumbe alipokuwa ananipa pole, lake lilikwisha fika.

Ila sikutoka mikono mitupu. Benjamin amenipa karatasi ya masharti ya eneo. Nimeisoma njiani juu ya pikipiki, dereva akilalamika kwamba naegemea upande mmoja. Eneo lisiwe karibu na shule. Lisiwe bondeni. Lisiwe na makaburi.

Makaburi!

Robo ya juu haina kaburi hata moja. Marehemu wetu wote wamelala chini, karibu na nyumba. Lakini hilo ni tatizo la leo tu.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kazi. Avelina kaenda kuchuma kahawa, mama kaenda jumuiya. Nilikuwa na saa nne.

Kwanza, marehemu. Lazima awe mtu wa kweli, tena asiwe na wa kumuulizia. Nikamkumbuka babu mdogo Rwegasira, mdogo wake babu yangu, aliyeondoka kwenda Uganda kutafuta kazi zamani sana na hakurudi. Hakuna anayejua alifia wapi. Hakuna aliyebaki wa kuuliza. Marehemu safi kabisa.

Pili, tuta. Udongo ulikuwa mgumu, mgongo ukakataa. Nikachimba kina cha magoti tu, kisha nikapata wazo ambalo mpaka sasa linanifurahisha: lile rundo la nyuma ya jiko! Nimelihamisha lote kwa toroli. Mifuko ya nailoni, chupa zilizovunjika, betri, kandambili, beseni la bluu lililotoboka, taa ya sola iliyokufa. Nikafunika kwa udongo. Kaburi limepata kimo na nyuma ya jiko pamekuwa peupe. Kazi mbili kwa jasho moja.

Tatu, bamba. Ilikuwepo saruji iliyobaki ya choo. Nikaandika kwa msumari, herufi kubwa: HAPA AMELALA MZEE RWEGASIRA, KATIKA KIBANJA CHAKE. ALIFARIKI 1961. ASTAREHE KWA AMANI. Hayo maneno ya kibanja chake nimeyaongeza mwenyewe ili jambo liwe na uzito. Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake, kila mtu anajua.

Nimepaka bamba kinyesi cha ng'ombe na majivu lionekane la kale. Avelina amerudi, ameona nyuma ya jiko, amenishika mkono akasema ahsante Baba Eugenia. Miaka kumi na tisa sijashikwa mkono mchana.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi nimemkuta ng'ombe wa watu wa rweya amelala juu ya babu mdogo. Kavunja kona ya bamba. Nimemfukuza, nimelipiga lipu upya.

Kisha mama akapanda, mapema kuliko kawaida yake. Sikuwa nimemtayarisha! Akaliona kaburi. Akanifanya nimsomee yaliyoandikwa, mara mbili. Kisha akauliza, taratibu sana, ni nani aliyeniambia habari za Rwegasira na sehemu hii.

Nikasema baba alinidokeza kabla hajafa. Nikasema nimelikarabati kaburi lililokuwa limezama.

Nilitegemea maswali. Alinipapasa shavu, mimi mwenye ndevu za mvi, akasema kumbe Projestus ana moyo. Jioni ameleta maua na rozari yake na kusali pale matendo yote matano ya uchungu.

Sikujisikia vizuri. Lakini ni kwa ajili ya migomba yake.

Ijumaa, 6 Juni

Ushindi!

Benjamin amekuja na futi kamba, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, Bi Margreth, mama ambaye hajawahi kuniamini hata ninapomtakia asubuhi njema. Wamepanda robo ya juu. Wamekuta kaburi. Wamekuta mama juu yake na rozari. Nani angebisha?

Margreth alibisha. Alisema amekulia kijiji hiki na hajawahi kuliona. Akagusa bamba, akasema marehemu wa 1961 mbona saruji ina unyevu. Nikaeleza habari ya ukarabati. Akanusa kidole chake. Benjamin, Mungu ambariki, akavua kofia akasema kaburi ni jambo la kuheshimiwa, na Eneo A lisimamishwe kwanza.

Kwa hiyo wanatazama Eneo B! Nyuma ya stoo! Revelian alikuwa barabarani anatazama wakipima kwake. Nikampa pole.

Kabla ya kuondoka, Benjamin amebandika tangazo ubaoni. Sheria inamtaka, anasema. "Ndugu wa marehemu Rwegasira wajitokeze kabla ya mkutano." Nimemwambia anapoteza gundi, ndugu ni mimi. Amesema ni taratibu tu.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa. Katekista amemwombea marehemu Rwegasira kwa jina, na watu wamenigeukia kwa huruma. Nimetoa leso.

Baada ya misa nilipata mshtuko: Revelian kaja nyumbani na dumu la rubisi, kuja kuhani. Kwa marehemu wa miaka sitini na nne! Akaketi, akanywa pombe yake mwenyewe, akaomba kuonyeshwa kaburi. Akavua kofia. Akasoma bamba kwa sauti, akarudia yale maneno ya kibanja chake, akatoa simu akapiga picha. Nikauliza ya nini. Akasema ya kumbukumbu.

Akauliza pia kama nina habari kwamba yeye hununua kahawa mpaka Bweranyange. Nikasema sina haja ya habari hiyo. Akacheka peke yake njia nzima hadi kwake. Simwelewi mtu yule.

Jumanne, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa tano asubuhi gari aina ya Probox imeingia uani. Wametoka watu tisa. Wa mwisho ni mzee mrefu, koti la suti, fimbo, miguu inamsumbua. Nikasema shikamoo. Akaniitikia, akanitazama usoni kama anatafuta kitu, akaanza kulia.

Ni Mzee Twinomujuni wa Bweranyange. Ana miaka sabini. Ni mtoto wa Rwegasira!

Mtoto! Hakuna aliyewahi kuniambia kuna mtoto! Kumbe babu mdogo alipoondoka alimwacha mkewe mjamzito, na mke akarudi kwao Bweranyange akajifungulia huko. Mzee huyu hajawahi kumwona baba yake hata kwa picha. Alimtafuta Kampala. Alimtafuta Masaka, kwenye mashamba ya chai, kwenye daftari za misheni. Juzi Revelian kamtumia picha ya bamba.

Nilitaka kumzuia asipande. Nikasema kilima ni kikali. Akasema, waitu, ndugu yangu, nimesubiri miaka sabini, kilima si kitu. Wajukuu wakamshika huku na huku. Alipofika alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye saruji, akasema tata, baba, nimekuja.

Nilisimama nyuma ya mgomba. Chini ya paji lile la uso kuna beseni la bluu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kukiri. Mama alikuwa analia naye, wameshikana mikono.

Wamelala kwetu wote tisa. Avelina amepika mikungu miwili.

Jumatano, 11 Juni

Leo baada ya chai Mzee Twinomujuni, ambaye sasa natakiwa kumwita baba mdogo, ameniita faraghani. Kwa upole sana akasema hakuja kugombana. Akasema yeye anaheshimu maandishi. Baba yake amelala katika kibanja chake, nami mwenyewe nimeandika hivyo kwa mkono wangu, tena kwenye saruji. Kwa hiyo anaomba tu ile robo, ya baba yake, wala hagusi pengine.

Nimeshtuka hadi nikakalia kikapu cha mayai.

Ni kweli! Kwetu kaburi ndilo shahidi. Mabaraza yote ya ardhi niliyoyahudhuria nikiwa katibu, mwenye kaburi ndiye aliyeshinda. Nimewahi kusema hivyo mwenyewe nikisimama juu ya meza! Na bado nilichukua msumari nikaandika!

Nimejaribu kusema kulikuwa na akina Rwegasira wawili. Akauliza yule wa pili kaburi lake liko wapi, akasalimie na huko.

Mchana nikapanda na msumari na jiwe kufuta yale maneno matatu. Nimefuta herufi K tu. Baba mdogo akatokea nyuma yangu. Alidhani nasafisha maandishi yasomeke vizuri. Akanishukuru, akawaita wajukuu waje waone jinsi ukoo wetu unavyotunza watu wake. Ikabidi niirudishe K, wote wakitazama.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo yamekuwa mabaya zaidi, jambo nililodhani haliwezekani.

Baba mdogo ameamua kumpeleka baba yake Bweranyange akalale karibu na mkewe. Margreth ameafiki haraka mno. Benjamin amepata kibali. Kesho saa tatu kaburi linafukuliwa, mbele ya ofisa afya, katekista na yeyote anayetaka kuja. Wanataka kuja wote.

Mifupa! Nahitaji mifupa!

Nimekimbia kwa mchinja nyama, nimepewa kiroba cha mifupa ya ng'ombe, mikubwa mizuri. Najua. Najua jinsi hilo linavyosomeka. Lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hachagui mifupa. Mpango: kuichimbia mchana wakiwa wamelala. Nikaficha kiroba jikoni nyuma ya kuni, nikaenda kutafuta jembe dogo.

Nimerudi, kiroba hakipo. Avelina kakikuta. Alidhani nimewaletea wageni supu. Sufuria kubwa lilikuwa linachemka na ndizi, tangawizi, kila kitu. Baba mdogo amekula bakuli tatu. Amesimama akasema tangu azaliwe hajapokewa namna hii, na kwamba Projestus ni mwana wa kweli wa ukoo. Wakapiga makofi.

Mbwa wamemalizia mifupa.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Kijiji kizima kilipanda robo ya juu. Katekista akasali. Wajukuu wawili wakanyanyua bamba, wakaanza kuchimba taratibu, kwa heshima. Nilisema labda tuahirishe, nilihisi dalili za mvua. Ni Juni. Hakuna aliyenitazama.

Cha kwanza kutoka ni kandambili. Watu wakaguna, mzee kazikwa na viatu vyake. Cha pili ni taa ya sola. Wakaipokezana mikononi. Mwaka 1961! Cha tatu ni beseni la bluu, na hapo Avelina akapiga ukelele ambao nadhani wameusikia mpaka Rwanda. Akasema, Baba Eugenia, hilo si ndilo beseni langu! Lilikuwa lake.

Wakaendelea. Nailoni, betri, chupa, nailoni. Ofisa afya akavaa glavu. Benjamin alikuwa anaandika upesi. Revelian alijishika tumbo kwa kucheka.

Baba mdogo hakucheka. Aliuliza swali moja: baba yangu yuko wapi?

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kaburi nimelitengeneza mimi ili kituo cha taka kiende kwa Revelian. Nilisema kwa sauti ndogo lakini pale juu hapakuwa na upepo. Mzee akatafuta pa kukaa. Akakaa chini, koti la suti kwenye udongo. Sijawahi kumfanyia mtu kitu kibaya namna ile, na nilitamani ardhi inimeze.

Nikasema basi angalau mambo yamekuwa wazi: kaburi ni la uongo, kwa hiyo na madai ya robo hayapo.

Ndipo mama akagonga fimbo.

Alizungumza Kinyambo, asimtazame mtu. Mwaka 1984, babu yangu akiwa kitandani anakufa, alimwita mama peke yake. Akamwambia robo ya juu si yetu. Ni ya Rwegasira. Waligawana kibanja kabla hajaondoka, na babu alikuwa anamtunzia. Akamwachia mama agizo: ilime, usiiuze, usiigawe, mpaka atokee mtu wake.

Miaka arobaini na moja! Kila jioni! Kumbe hakuwa anaipenda ile migomba kuliko mimi. Alikuwa kwenye zamu.

Akasema alipoona bamba alidhani kumbe na baba yangu aliijua siri ile akanirithisha, na kwamba mimi, bila kuagizwa, nimemjengea marehemu mahali pa kukumbukwa. Akasema amemshukuru Mungu siku nane juu ya beseni. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

Kisha akamwomba Avelina panga. Akakata mkungu wa kwanza wa ile migomba, mkungu mkubwa wa kutosha watu wawili kubeba, akauweka mbele ya Mzee Twinomujuni. Kwetu hiyo inatosha, haihitaji mhuri. Robo imekwenda.

Uongo wangu ulikuwa wa kweli. Nimeukalia moyoni mchana kutwa na bado siuelewi.

Jumamosi, 14 Juni

Mkutano mkuu. Nilikwenda kwa sababu Margreth alimtuma mgambo anifuate.

Benjamin alisema Eneo A halina tena pingamizi la kaburi. Halafu akasema kitu kilichonishtua upya: alichokiona jana kimemwonyesha kwamba kijiji kinahitaji kituo kuliko alivyofikiri, kwa kuwa kuna familia zinazika betri na chupa chini ya migomba. Hakunitaja. Watu walinitazama hivyohivyo.

Baba mdogo akasimama kama mwenye robo. Nilidhani atakataa barabara. Nilimwombea akatae! Akasema nusu anakipa kijiji barabara ipite, nusu atajenga nyumba ndogo, maana amechoka kuwa mgeni kila mahali na anataka kufia kwa baba yake. Aliomba jambo moja: kituo kiitwe Rwegasira. Makofi. Mama alipiga makofi hadi fimbo ikamwanguka. Margreth akamhakikishia kwamba mboji itakayotokana na maganda ya kijiji kizima itaanza kwenye migomba ya Mama Kokwijuka na mzee.

Waliounga mkono Eneo A: wote. Na Avelina! Mke wangu! Mkono juu kabisa. Ilibidi niunyanyue na wangu kwa sababu mgambo alikuwa ananitazama.

Wazee wa ukoo wamenitoza madumu manne ya rubisi na mbuzi. Margreth akaongeza: zile taka za kaburini nizitenganishe mimi, hadharani, iwe mafunzo kwa wananchi. Nimefanya hivyo saa mbili nzima, nailoni huku, vioo huku, Benjamin akieleza kila ninachoshika. Revelian aliinua mkono mara tatu kuuliza kuhusu betri.

Mama hajanisemesha tangu jana. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Nimempelekea maji ya kunawa, ameyapokea akitazama ukutani.

Jumapili, 15 Juni

Mama amenisemesha!

Baada ya misa aliniita, akaniweka mkono juu ya rozari yake, akaniapisha mbele ya Avelina kwamba maisha yangu yote sitachimba tena kaburi lisilo na mtu. Nimeapa. Nililia kidogo, kweli, bila leso. Akanimegea ndizi ya kuchoma. Nimekuwa mtu mpya na nakusudia kubaki hivyo.

Jioni tumekaa na baba mdogo pale juu, anapima kwa hatua mahali pa nyumba yake. Ni mtu mwema. Ameshanisamehe, anasema supu ile haikuwa ya mtu mbaya. Nilimuuliza kama atamtafuta tena baba yake. Akasema ameshachoka, ila lipo neno moja aliwahi kusikia Masaka kwa mzee aliyefanya kazi na baba yake: kwamba Rwegasira alikwisha anza safari ya kurudi, kwa miguu, akaugua akiwa karibu kabisa na kwao, akafia pembeni ya njia, wakamzika chini ya jiwe kubwa.

Jiwe kubwa, karibu na kwetu, pembeni ya njia.

Nyuma ya stoo ya Revelian kuna jiwe. Kubwa kama jiko letu. Liko pembeni kabisa ya njia ya zamani. Halina maandishi yoyote.

Nimeketi nalo wazo hili tangu chakula cha jioni. Mzee wa watu anamtafuta baba yake. Mzee anaheshimu maandishi. Na kama baba yake amelala pale, basi pale ndipo kwake, na hana tena sababu ya kukaa kwenye migomba ya mama. Barabara nayo ingebidi ifikiriwe upya. Kila mtu angefurahi, isipokuwa mmoja mwenye tai.

Kiapo changu nakiheshimu. Nimeapa kutochimba, na sitachimba hata kidogo. Kuandika juu ya jiwe si kuchimba.

Kesho asubuhi nakwenda kuazima patasi.